Kudaka Hitilafu za Hesabu za Desimali Ndani ya Kerneli

Habari zenu, karibuni tena. Kerneli yetu (kiini cha mfumo endeshi) ya x86-64 tayari ina IDT, jedwali linaloiambia prosesa ikimbilie wapi hitilafu ikitokea; kila hitilafu ina namba yake humo, yaani vekta. Leo tunaifundisha kudaka hitilafu za hesabu za desimali. Kugawa namba nzima kwa sifuri hatukugusi leo, hiyo ni kazi ya vekta 0. Sisi tunawinda vekta 16, ya x87 (kitengo cha zamani cha hesabu za desimali), na 19, ya SSE (kile kipya).

Fungua kodi inayoamsha prosesa. Kwenye CR0, rejista ya kuongoza prosesa, zima biti 2, kisha washa biti 1 na biti 5. Biti 5 ikikosekana, x87 italalamika kupitia IRQ 13, ishara ya kukatiza inayotoka nje ya prosesa, njia ya tangu enzi za IBM PC/AT ya 1984. Hamia rejista nyingine ya kuongoza, CR4, washa biti 9 na biti 10. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Ukisahau biti 10, hitilafu ya SSE itakujia kama vekta 6, amri isiyotambulika, nawe utakesha ukiilaumu kompaila. Niulizeni mimi.

Sasa ita FNINIT, amri ya kuianzisha x87 upya, kisha pakia 0x1F80 kwenye MXCSR, rejista ya mipangilio na hali ya SSE. Thamani hiyo inazifunika hitilafu zote sita: ukigawa 1.0 kwa 0.0 unapata infiniti, kimya kimya. Kelele zinaanza pale programu yenyewe inapoifunua hitilafu.

Tuandike mpokeaji wa vekta 19, yaani kodi inayoitwa hitilafu hiyo ikitokea. Tazama CS iliyo kwenye staki, inayoonyesha ni kodi ya nani iliyokuwa ikiendeshwa: hitilafu ikiwa imezaliwa ndani ya kerneli, simamisha mashine, kosa ni letu. Ikitoka kwa programu, soma MXCSR. Biti 0 hadi 5 ni bendera, 7 hadi 12 ni vifuniko. Sogeza nakala yake kulia mara 7, igeuze, ipitishe kwenye AND na ile ya asili, ubakize biti 6 za chini. Biti 2 ikiwaka, kuna aliyegawa kwa sifuri. Itumie programu hiyo SIGFPE, ishara ya kosa la hesabu.

Vekta 16 ina vituko. x87 huumwa leo, ikasema kesho: hitilafu inatunzwa mpaka amri inayofuata ya x87 ifike. Kwa hiyo RIP (anwani ya amri) ya kwenye staki inamsingizia asiye na hatia. Piga FXSAVE64, amri ya kuhifadhi hali ya x87 na SSE, kwenye eneo la baiti 512 ambalo anwani yake inagawanyika kwa 16. Anwani ya mkosaji iko kuanzia baiti ya 8. Ukishaisoma ndipo upige FNCLEX, amri ya kufuta hitilafu, si kabla.

Tujaribu. Kwenye programu ndogo pakia 0x1D80 kwenye MXCSR, ili kufunua kugawa kwa sifuri, kisha gawa kwa sifuri ukitumia DIVSD, amri ya SSE ya kugawa. Mnaotumia QEMU, kompyuta ya kuigiza, washeni KVM, hitilafu itoke kwa prosesa halisi. Haya, 19 hiyo kwenye skrini! Na RIP iko kwenye DIVSD yenyewe, kwa hiyo mpokeaji akirudi bila kutuma SIGFPE, amri itarudiwa na hitilafu itarudi, bila kikomo.