Fidia ya kesi kwenye ritani ya Marekani: 1099-MISC, Schedule 1 na ada ya wakili, hatua kwa hatua

Haya, karibuni. Leo tunajaza ritani ya mtu aliyemalizana na mdaiwa wake nje ya mahakama huko Marekani, pesa zikaingia, na sasa msimu wa kodi umefika. Tunatumia fomu 1040, yaani ritani yenyewe, pamoja na kiambatisho chake Schedule 1 cha vipato vingine na makato, za mwaka wa kodi 2025. Jina, anwani, wategemezi, yote hayo nimeshajaza kabla ya kuwasha kamera. Hamkuja kuniangalia nikiandika anwani.

Programu ya kodi ifunge kwanza. Kinachotangulia mezani ni makubaliano ya maridhiano, ile karatasi mliyotia saini, wala si hundi. Nasogeza kamera... aah, mwanga wa dirisha unapiga kwenye karatasi. Ngoja niigeuze. Hapo sasa. Tafuta kifungu kinachogawa pesa: kiasi hiki cha mshahara, kiasi hiki cha mateso ya kihisia, hiki riba. Kodi inafuata kile pesa inachofidia. Kama makubaliano hayajagawa chochote, itabidi urudi kwenye hati ya madai uone ulishtaki kwa jambo gani, na hapo kazi inakuwa ngumu. Wewe ambaye kesi yako bado haijafungwa, mwambie wakili mgawanyo uandikwe kabla ya saini.

Shika kalamu, andika pembeni ya kila kiasi. Fidia ya jeraha la mwili au ugonjwa wa mwili haina kodi, kwa kifungu cha 104(a)(2) cha sheria ya kodi. Mguu ukivunjika kwenye ajali, hata mshahara ulioukosa kwa sababu ya mguu huo unaingia kwenye msamaha. Lakini kama gharama za hospitali uliziweka kama makato kwenye Schedule A, kiambatisho cha kuorodhesha makato, mwaka wa nyuma na kodi yako ikapungua, sehemu iliyorudishwa kwa ajili ya gharama hizo inakuwa kipato mwaka huu.

Mateso ya kihisia ndiyo yanayowachanganya watu. Tangu marekebisho ya 1996, sheria inataka jeraha liwe la mwili. Kukosa usingizi na kuumwa kichwa kwa sababu ya bosi mbaya hakutoshi. Pesa hiyo ina kodi. Unaruhusiwa kupunguza gharama za matibabu ya hayo mateso ambazo hukuwahi kuziweka kama makato kwenye ritani. Umelipwa 20,000, ulimlipa mshauri nasaha 3,000 kutoka mfukoni mwako: unaripoti 17,000 na kuambatisha karatasi inayoonyesha hesabu.

Fidia ya adhabu, ile ya kumwadhibu aliyekukosea, ina kodi, hata ikija na mguu uliovunjika. Riba ina kodi, inakwenda mstari wa 2b wa fomu 1040. Mishahara ya kesi ya kazini inakuja kwa W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, imeshakatwa kodi, inakwenda mstari wa 1a. Basi, hizo nyepesi zimeisha.

Sasa mfano wetu. Kesi ya ubaguzi kazini, jumla dola 90,000. Mshahara ni 30,000, upo kwenye W-2. Mateso ya kihisia ni 60,000, yapo kwenye 1099-MISC, fomu ambayo mlipaji hutoa kwa malipo yasiyo mshahara. Ada ya wakili ni asilimia 40 ya yote, yaani 36,000, na ameikata kwenye ile 60,000. Hundi iliyofika nyumbani kwa sehemu hiyo: 24,000.

Nasogeza karibu muone 1099-MISC. Kisanduku cha 3, kipato kingine: 60,000. Kamera inatafuta fokasi... imekubali. Kisanduku cha 4, kodi iliyokatwa: kitupu. Kitupu, mmeona? Tutarudi hapo. Kisanduku cha 10 ni cha malipo yanayopitia kwa wakili, na fomu yenye kisanduku hicho hupelekwa kwake. Ikiwa ya kwako haijafika, bado unaripoti. Kutokuwa na karatasi hakuifanyi pesa iwe huru.

Sasa nifuateni polepole. Schedule 1, sehemu ya kwanza, mstari wa 8z. Unaandika 60,000. Si 24,000. Narudia: unaandika sitini, hata kama hundi ilikuwa ishirini na nne. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 2005, kesi ya Commissioner dhidi ya Banks: kwa kawaida sehemu ya wakili ni kipato chako kwanza, hata kama hukuigusa. Ukiandika 24,000, kompyuta ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, italinganisha na 1099 yenye 60,000 na kukuletea barua ya CP2000 ikidai kodi ya tofauti, pamoja na riba. Pembeni ya kiasi weka maelezo mafupi kwa Kiingereza: fidia ya kesi, mateso ya kihisia.

Ada inapunguzwa mahali pengine. Shuka sehemu ya pili ya Schedule 1, mstari wa 24h: 36,000. Mstari huu ni wa kesi za ubaguzi, haki za kiraia, na madai mengi yanayotokana na sheria za kazi. Kipato chote juu, ada chini. Usizitoe kichwani ukaandika jibu. Na kiwango cha juu cha 24h ni kipato cha kesi hiyo hiyo ulichokihesabu mwaka huo huo. Ada haiwezi kukipita.

Kesi yako ni ya kuchafuliwa jina? Samahani, 24h si yako. Zamani ada kama hiyo ilipita Schedule A, kwenye makato madogo madogo. Mlango ukafungwa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 ikaufunga moja kwa moja. Ukilipwa 100,000 kwa kuchafuliwa jina na wakili akachukua 40,000, unatozwa kwa 100,000. Kwa maoni yangu ni sheria mbovu, lakini ndiyo iliyopo.

Programu sasa. Naingiza 1099-MISC, kisanduku cha 3... halafu linakuja swali hili. Simamisha video kama unajaza pamoja nami. Inauliza kama pesa inatokana na kazi au biashara yako binafsi. Kwa mfano wetu: hapana. Ukibofya ndiyo, 60,000 inahamia Schedule C, kiambatisho cha biashara, na unabandikwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, juu ya kodi ya kawaida. Jibu la "ndiyo" ni kwa aliyelipwa faida iliyopotea ya biashara yake, basi.

Tukague. Naifungua fomu yenyewe, maana muhtasari wa programu siuamini. 8z inaingia mstari wa 9, kisha 10, kisha fomu 1040 mstari wa 8: iwe 60,000. 24h inaingia 25, kisha 26, kisha fomu 1040 mstari wa 10: iwe 36,000. Ukiona 24,000 kwenye mstari wa 8, rudi kwenye 8z.

Umeumia mwili na bado wamekutumia 1099 ya kisanduku cha 3? Mwandikie aliyeitoa, omba fomu iliyosahihishwa, na utaje kifungu cha makubaliano kinachosema ni jeraha la mwili. Akikataa, weka makubaliano na kumbukumbu za hospitali kwenye faili moja, kwa sababu barua ikija utazihitaji kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Sasa kile kisanduku cha 4 kitupu. Hakuna aliyekukatia kodi kwenye 60,000, kwa hiyo wewe ndiye wa kulipa, na IRS hawapendi kusubiri hadi Aprili. Malipo ya makadirio ni kwa fomu 1040-ES: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15, na Januari 15 ya mwaka unaofuata. Unakwepa adhabu ukiwa umelipa kwa wakati asilimia 90 ya kodi ya mwaka huu, au asilimia 100 ya kodi ya mwaka jana. Ni 110 kama kipato chako kilichorekebishwa cha mwaka jana, yaani kinachobaki baada ya kupunguza makato ya Schedule 1, kilipita 150,000. Pesa ikiingia Novemba, jaza Schedule AI ya fomu 2210, ili usihesabiwe kama ulikuwa nayo tangu Januari.

Waliochukua bima ya afya kwenye soko la serikali, angalieni fomu 8962 kabla ya kutuma. Kipato kikipanda, ruzuku mliyopewa mapema inaweza kudaiwa.

Jimbo pia lina ritani yake, na majimbo mengi huanzia kwenye kipato kilichorekebishwa cha shirikisho. Ndiyo maana jimbo linajazwa mwisho, baada ya 8z na 24h kukaa sawa. Bofya tuma, hifadhi PDF, na uichapishe pamoja na makubaliano.