Mama Akisema Hajisikii Vizuri, Asikilizwe

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, ahsanteni kwa kuja na baridi yote hii.

Mnamjua Serena Williams, yule mcheza tenisi. Septemba 2017 alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, na siku iliyofuata pumzi zikaanza kumkatika. Mwili wake anaujua: damu ilishawahi kumganda mapafuni mwaka 2011. Akamwambia nesi anataka kipimo cha CT, picha ya ndani ya mapafu, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Daktari akaanza na ultrasaundi ya miguu, hakuona kitu. Serena akashikilia neno lake mpaka CT ikapigwa, na mabonge ya damu yakaonekana mapafuni. Huyo ni bingwa wa dunia. Sasa mfikirieni dada yetu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Kiingereza hana, mkalimani yuko kwenye simu inayokatikakatika.

Hapa Marekani, mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai na kina mama weusi, walifariki kwa uzazi takriban kina mama 50. Kwa wazungu, kati ya 14 na 15. Wengi huniambia ni umaskini. Umaskini upo, lakini takwimu za serikali zilizotoka 2019 zilionyesha kwamba mama mweusi mwenye digrii alikuwa hatarini kuliko mzungu ambaye hakumaliza sekondari. Na zaidi ya asilimia 80 ya vifo vinavyotokana na ujauzito vingeweza kuzuilika. Nikisoma hivyo silali.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja Mkongo, mimba ya wiki 36. Kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Akaambiwa ni uchovu, presha ni nzuri. Lakini walimpima amelala ubavu, na ukipimwa hivyo presha huweza kusoma chini. Niliomba apimwe tena amekaa, ameegemea, mkono mezani. 168 kwa 112! Hapo ndipo watu wakakimbia, dawa ikaingia mshipani. Kifafa cha mimba kilikuwa kinamnyemelea. Mimi si daktari, ni dula, msindikizaji wa wajawazito. Siku ile nilikuwa mdomo wa pili, basi.

Kule Winter Garden, Florida, mkunga Jennie Joseph, mzaliwa wa Uingereza, alifungua kliniki isiyomrudisha mama kwa sababu hana bima. Sisi hatuna kliniki. Tuna arobaini.

Kwetu mzazi hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, haachwi peke yake siku 40. Hapa anatoka hospitali siku ya pili, na mara nyingi miadi yake ni baada ya wiki 6. Kumbe zaidi ya nusu ya vifo vya uzazi hapa Marekani vya 2017 hadi 2019 vilitokea kuanzia siku ya 7 baada ya kujifungua hadi mwaka mmoja! Kwa hiyo zamu zetu za arobaini zisiwe za sufuria tu. Ukifika, mpime presha. Muulize damu inatokaje. Akijaza pedi nzima kwa saa moja, ni hospitali hapo hapo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi zikimkatika, usiseme tungoje asubuhi.

Mashine za presha ziko pale mezani, sita. Kina baba nanyi msogee, tuanze na nyinyi kupimana.