Simu kali ya Android: uliza ilizaliwa lini kabla hujauliza bei

Wazee wetu, akina mama wa Kibuye na Dunga, vijana, hamjambo. Amosou uduto, nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuacha biashara Jumamosi mchana, na hili jua la Kisumu, mkaja kunisikiza. Mimi ni fundi wa simu, nimekaa kwa kibanda pale Kondele miaka 11 sasa, na chama chenu kiliniita kwa sababu wengi wenu mnauliza swali moja, kwamba nikinunua simu kali, ile Android ya bei ya juu ya laki na nusu, nitakuwa nimetumia akili ama nitakuwa nimetupa pesa. Jibu ninalo lakini lina kona kona, mnivumilie.

Nianze na uzuri wake, kwa sababu uzuri upo na ni wa kweli. Kuna mama mmoja naona amekaa pale nyuma, anashinda ufuoni kutoka saa kumi na moja asubuhi, mbuta zikitolewa kwa boti yeye anapiga picha anatuma kwa wateja wake wa Nakuru na Eldoret ndio waagize. Simu yake ya kwanza, hiyo saa giza bado halijaisha vizuri, picha ilikuwa inatoka na ukungu ukungu, samaki na karai na gamubuti zote rangi moja. Na nyinyi mnajua samaki ananunuliwa kwa jicho na kwa mashavu, kama mteja haoni jicho limeng'aa na shavu ni jekundu hatumi pesa. Sasa ile simu anayo siku hizi unaona mpaka magamba moja moja. Sio uchawi. Kamera ya simu kali ina kile kidude cha kushika mwanga kikubwa kuliko cha simu ndogo, halafu kukiwa na giza haipigi picha moja, inapiga nyingi mfululizo kwa sekunde moja mbili, inazipanga moja juu ya nyingine, zile chenga chenga za giza zinapungua na rangi inabaki. Ndio maana inakwambia tulia usitikisike.

Na hapo hapo niwatoe kwa mtego mmoja. Watu wanakuja kwangu wakisema fundi nataka ile ya megapikseli 200, yaani nukta milioni 200 za kuchora picha. S24 Ultra ya Samsung iko na hizo 200, ni ukweli, lakini ukiiacha vile imetoka dukani inachukua nukta 16 inaziunganisha zinakuwa moja, picha unayopata ni ya megapikseli 12. Na ni vizuri hivyo, kwa sababu nukta 16 zikisaidiana zinaona gizani kuliko moja peke yake. Kwa hivyo usinunue namba. Ukienda dukani toa simu mpigie muuzaji picha chini ya kaunta, mahali pana kivuli, uangalie.

Uzuri wa pili ndio mkubwa zaidi na hauonekani kwa macho. Ni apdeti. Simu ni kama nyumba, kila mwezi kuna mtu mahali anagundua tundu la kuingilia, na kampuni inatuma fundi wa kuziba. Ile siku kampuni inasema basi, hatuzibi tena, simu haifi, itapiga na itachukua picha, lakini matundu yanabaki wazi na pesa zako ziko ndani, na ukikaa sana unaanza kuona programu za benki zinakukatalia. Simu nyingi za bei ya chini zilikuwa zinaahidiwa miaka miwili hivi, zingine hazikuahidiwa chochote. Google walitoa Pixel 8 mwezi wa kumi 2023 wakaahidi miaka 7, Samsung wakafuata na S24 Januari 2024, miaka 7 pia. Ya Pixel 8 inatupeleka mwezi wa kumi 2030, ya S24 mwanzoni mwa 2031. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati hizo simu zinatoka atakuwa amemaliza primari bado zinazibwa matundu.

Sasa sikizeni hapa vizuri kwa sababu hapa ndio watu wetu wanaumia. Hiyo miaka haianzi kuhesabiwa siku umelipa. Inaanza siku simu imezaliwa, yaani siku ilianza kuuzwa duniani. Hapa kwetu wengi hatununui mpya, tunanunua mtumba, zile wanaita eks-UK, inakuja imepanguswa imefungwa nailoni inang'aa kweli. Kijana mmoja 2025 aliniletea S22 ya Samsung nimuwekee protekta, amenunua elfu 38, ana furaha mpaka amenunulia na mimi soda. S22 ilizaliwa mwanzoni mwa 2022 na iliahidiwa miaka 5 ya usalama, inaisha mwanzoni mwa 2027. Kwa hiyo elfu 38 hakununua hata miaka miwili. Na mwaka huo huo wa 2025 kulikuwa na A16, simu ya kawaida kabisa haina makeke, ilitoka mwishoni mwa 2024 na Samsung wameiahidi miaka 6. Sikumwambia siku hiyo, nilimwekea protekta akaenda, na hiyo kitu imenikaa kwa roho mpaka leo, ndio sababu moja nilikubali kuja hapa. Kibandani mtu ameshanunua, maneno yangu hayamsaidii tena.

Tupige hesabu basi, nani ana simu karibu anipigie kalkuleta. Laki na nusu gawanya kwa miezi 84, yaani ile miaka 7. Ngapi? 1,785, asante dada. Simu ya elfu 18 ukaitumia miaka 2 tu ni 750 kwa mwezi. Kwa hivyo wale wanaosema simu kali inajilipa yenyewe kwa kudumu, hapana, hata ukikaa nayo miaka yote 7 bado ni zaidi ya mara mbili. Kuna kazi lazima iwe inafanya, hiyo elfu moja ya juu kila mwezi itoke mahali. Mama wa mbuta inatoka, mteja mmoja tu wa Nakuru anairudisha. Mpiga picha wa harusi inatoka. Lakini kama kazi yako ni M-Pesa na WhatsApp na kupiga simu nyumbani Seme, nakuambia kwa heshima, M-Pesa ilianza Machi 2007 na simu ya kwanza ya Android iliuzwa 2008. M-Pesa ilizaliwa kabla ya hizi simu zote, mpaka kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, inatuma pesa sawasawa.

Haya, tuje kwa ubaya. Ubaya ni kioo, zaidi ya vitu vingine vyote ni kioo.

Wacha niwaonyeshe vile kazi inaenda kwa meza yangu. Simu kali haina skurubu nje, imegandishwa na gundi mbele na nyuma. Naiweka kwa pleti ya moto, digrii kama 80, nangoja dakika kadhaa gundi ilegee, naweka kile kikombe cha kunyonya, navuta polepole mpaka nione mstari mwembamba kama unywele, hapo ndio naingiza kiplastiki chembamba kama cha kupigia gita, nazunguka nacho pembe mpaka pembe. Chini ya hicho kiplastiki kuna waya bapa nyembamba kama karatasi ya sigara, nikizidisha milimita mbili nimeikata. Jasho linanitoka na feni iko. Halafu mwenye simu anauliza, fundi, kioo tu ndio kimepasuka, mbona unaniambia elfu thelathini? Ni kwa sababu kioo na ile taa ya rangi ndani yake vimeshikana ni kitu kimoja, na ile orijino inakuja imegandishwa mpaka na fremu yake. Kuna kopi, ndiyo, ni nusu ya bei ama chini ya hapo, na nikikuwekea rangi inafifia, simu inanenepa kidogo inainuka pembeni, na ile alama ya kidole ya chini ya kioo mara nyingi haisomi tena. Umenunua simu ya laki, sasa uko na sura ya simu ya elfu kumi.

Na saa zingine hata hujaiangusha. Hii ni yangu mwenyewe. Nilikuwa na simu kali, nilinunua elfu 62, sitataja kampuni, nimeitunza na kava na protekta miaka miwili, haina hata mkwaruzo. Usiku mmoja ikafanya apdeti, asubuhi nikaamka nikakuta mstari wa kijani umesimama kutoka juu mpaka chini, mwembamba, unang'aa. Wiki ya pili ikawa miwili. Nikapeleka kwao, wakaangalia waranti imeisha, wakaniandikia elfu 38. Mimi fundi, mkono wangu unajua hiyo kazi, na bado sikuweza, kwa sababu hakuna cha kutengeneza, kioo kizima ndio kinatolewa. Nilikaa na hiyo mistari miezi minane nikisoma meseji kando kando yake. Iliniuma sana, na inaniuma zaidi nikiona mtu simu yake imetoa mstari ule ule na alikopa kuinunua, bado analipa mdogo mdogo kila siku.

Kwa hivyo kabla hujalipa, uliza bei ya kioo cha hiyo modeli, tena usimuulize muuzaji, muulize fundi. Na uliza kama kioo kipo Kisumu. Pixel ni simu nzuri sana, naipenda mimi, lakini Google hawaiuzi rasmi Kenya, ikipasuka tunatafuta ingine iliyokufa tuitoe spea ama unangoja itoke nje.

Nyinyi wa boda, hii ni yenu. Mnafunga simu kwa usukani mbele ndio muone ramani na oda. Simu kali ina lenzi inayoelea, imeshikwa na sumaku, mkono wako ukitetemeka lenzi inajisogeza upande wa pili ndio picha isimame. Sasa pikipiki inanguruma kutoka Mamboleo mpaka Dunga, siku nzima, hiyo lenzi inacheza bila kupumzika mpaka siku moja inagoma. Unafungua kamera unaona picha inaruka ruka kama maji yanachemka na ndani inalia trrr. Apple wenyewe walitoa onyo 2021 kuhusu simu zao na pikipiki, na lenzi ya kuelea ni ya kuelea iwe ya nani. Simu nyingi za bei ndogo hazina hiyo kitu, na kwa boda hiyo ndio nguvu yake. Funga ile ndogo kwa usukani, hii kali iweke mfukoni.

Maji. Boksi inasema IP68, ile alama ya kinga ya maji na vumbi, watu wanaingia nayo ziwani. Hiyo ya Samsung maana yake imepimwa kwa maji safi, mita 1 na nusu, nusu saa, ikiwa mpya. Sio maji ya chumvi ya samaki, sio ya sabuni, sio simu iliyoanguka mara tatu. Na ikishafunguliwa na fundi, hata mimi, hata nirudishe gundi vizuri namna gani, hesabu kwamba hiyo kinga haipo tena.

Joto sitakaa sana. Betri ya lithiamu inachukia joto, hapa kwetu joto ni la bure, usichaji simu kwa dirisha la duka jua likipiga, na nyingi ya hizi simu zina mahali unaiambia isimame kwa asilimia 80. Iwashe hiyo.

Kuna swali la yule dada, kuhusu wizi. Ni kweli, simu kali inakuitia macho, ukiitoa steji ya Kondele saa moja jioni hauko na amani. Mambo matatu fanya leo. Bonyeza *#06#, utoe ile namba ya IMEI, ndiyo kitambulisho cha simu yako, uandike kwa daftari nyumbani, sio ndani ya simu hiyo hiyo. Weka pini kwa laini, sio kwa simu tu, kwa sababu mwizi mjanja anatoa laini anaiweka kwa simu yake na anaanza na M-Pesa yako. Tatu, tangu 2024 Google wameleta kitu kwa Android 10 kwenda juu, simu ikinyakuliwa kwa nguvu na mtu akimbie nayo inajua ule mwendo na inajifunga yenyewe. Kwa simu nyingi hiyo kitu inakuja imezimwa, lazima uiwashe wewe.

Sasa tusimalizie kwa maneno matupu. Mzee wangu hapa mbele, nisaidie na yako. Ingia Mipangilio, shuka mpaka chini kabisa, Kuhusu simu, halafu tafuta pale pameandikwa sasisho la usalama. Hapo. Soma kwa sauti wote wasikie.

"Machi 2022."

Ulinunua lini jaduong'?

"Krismasi iliyopita."

Haya. Wengine wote fungueni zenu, tutapita safu kwa safu, na nani ana daftari aandike.