Kejeli Ina Kazi Gani Kwetu?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, karibuni.

Nimeombwa nieleze kejeli ina kazi gani katika jamii. Hapa Mtwara hatuna haja ya kulifuata jibu mbali. Waliokulia Newala au Tandahimba wamemwona lipiko akiingia uwanjani, kichwa chote ndani ya kinyago cha mti, mwili umefungwa nguo, ngoma zinamwita. Wachongaji wa Kimakonde, upande huu na ng'ambo ya Mto Ruvuma kule Msumbiji, hawakuishia kwenye sura za mizimu na wanyama. Enzi za ukoloni walichonga pia Wazungu waliowatawala, na mchezaji akaiga mwendo wao mbele ya kijiji. Fikirini hapo: mtu wa kuogopwa na kulipwa kodi sasa anachezwa, watu wanacheka. Kodi haikufutwa, nakubali. Lakini hofu ilipungua, na mtawala aliyekwisha kuchekwa hawezi kurudishiwa heshima na askari wake.

Halafu tuna utani, na hapa ndipo ningependa tukae. Msibani mtani anaiga kikohozi cha marehemu, anataja ubahili wake, anadai deni lake, pengine anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Hakuna anayekwenda kushtaki. Kwa nini? Kwa sababu mtani anasema hadharani, na kwa sababu zamu yake ipo: msiba ukihamia kwake, nasi tutamsema vilevile. Anayetania anataniwa.

Kwa kipimo hicho, video za kumcheka mlemavu, au mkulima asiyeweza kusoma stakabadhi yake ya ghalani, mimi siziiti kejeli. Ni uonevu, maana anayechekwa hana pa kujibia.

Vijana mnaochora katuni na kuigiza, nawasihi mpande juu zaidi. Mwigizeni kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika anayekalia malipo ya korosho. Mchoreni mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kinyemela, na kipimo chake kilichojaa kupita kilo. Wakulima watamtambua kabla hamjaandika jina.

Nanyi viongozi mliokuja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kazi zake, lakini isiwe ya kumkamatia mchoraji. Akiwachora, tazameni mchoro unauliza nini, mtujibu sisi wananchi.