Panga Kurudi Kabla ya Kung'oa Nanga

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma. Nilipoambiwa nije kuzungumzia safari ndefu ya familia kwa chombo cha tanga, nilijua anayetakiwa ni marehemu baba. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Mimi nilikuwa mpika chai na mfua maji. Lakini mfua maji ndiye anayejua chombo kinavuja wapi, basi nitasema.

Hapa Mikindani tulikuwa tukisema tunakwenda dago. Familia inahama na sufuria, mikeka, nyavu na kuku wawili, inakwenda kupiga kambi Songosongo au pwani ya Kilwa kwa miezi kadhaa. Wanaume wanavua, wanawake wanaanika ng'onda, samaki wa kukausha, kisha watu wanarudi kwao. Mwaka ninaousimulia ni 1983, nina miaka 11. Tulikuwa watu 9 ndani ya mashua ya futi 30 hivi, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Majirani wote waliuliza tunaondoka lini. Baba alikuwa akijiuliza tunarudi lini, na mambo yote aliyapanga kuanzia hapo. Kusi, upepo wa kusini, inashika kuanzia Aprili au Mei, na chini yake kuna mkondo. Maji yanakuja kutoka bahari kuu, mashariki. Yakifika usawa wa Cabo Delgado yanagawanyika, mengine yanashuka Msumbiji, mengine yanapita mlangoni kwetu kwenda kaskazini, mwaka mzima. Kusi ikivuma mkondo unakwenda mbio. Kaskazi ikivuma unapungua nguvu, lakini pwani hii haugeuki. Kwa hiyo kutoka hapa hadi Kilwa, maili 90 hivi za bahari, upepo uko mgongoni na maji yanakusukuma. Hata asiyejua kitu atafika. Kurudi ndiko kunakotaka nahodha. Mnaijua methali, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Najua maana yake ni nyingine, ila mimi kila nikiisikia naona uso wa baba akihesabu miezi kwa vidole.

Mtasema: si mngengoja tu kaskazi ya Desemba iwarudishe? Mtu wa Unguja angeuliza hivyo. Sisi tuna mikorosho! Korosho zinaanza kudondoka Septemba, Oktoba, na haziulizi upepo uko wapi. Mama alilishika hilo usiku tatu mfululizo. "Baba watoto, utanipeleka Kilwa kwa tanga, sawa. Korosho zangu ataokota nani?" Tuliokuwa tumelala tulikuwa macho sote. Usiku wa tatu wakakubaliana: mama na wadogo warudi kwa lori kabla ya Septemba kuisha, baba na sisi wakubwa tuje na chombo upepo ukilegea, majira ya tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi. Nauli ya lori ikafungwa kwenye kitambaa, mama akaiweka yeye. Hapo ndipo baba aliponunua pamba ya kalafati, ya kuziba maungio ya chombo. Kabla ya nauli hiyo kufungwa hakuwa amegusa hata ubao mmoja.

Matayarisho yenyewe mnayajua, sitawachosha. Pamba ikagongwa kwenye maungio, mbao zikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima ukanuka. Maji alihesabu dumu la lita 20 kwa siku kwa watu wote, kisha akaongeza nusu yake. Jiko lilikuwa sanduku la mchanga lenye mafiga matatu. Watoto wawili wadogo walifungwa kamba kiunoni, na ncha nyingine kwenye mlingoti. Nililia nikitaka kufungwa na mimi, maana niliona ni heshima.

Tukawa tayari Alhamisi. Tukaondoka Jumatano! Kila alfajiri baba alikwenda kutazama mlango wa ghuba. Akiona povu jeupe linasimama pale anarudi kunywa chai. Shangazi yangu alituaga mara tatu, na mara ya tatu alikuja bila maandazi. Mjomba akasema watu wataanza kucheka. Baba akamjibu, "Wacheke, wapo nchi kavu." Siku hiyo ya Jumatano bahari ilikuwa shwari, tukatoka maji yalipoanza kupwa yatuvute nje.

Njiani hakukuwa na hadithi kubwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Jahazi la mzigo lingekwenda usiku na mchana. Sisi tulilala kila giza lilipoingia: Sudi, Lindi, Mchinga, Kiswere. Nilitapika mpaka Lindi, kisha nikapona kabisa.

Kurudi kulichukua siku 17. Tulitweka tanga alfajiri na umande, ule upepo mwembamba unaotoka nchi kavu, tukitambaa karibu na ufuko mkondo usitukamate. Jua likipanda, upepo wa baharini unaingia, tunatia nanga. Siku nyingine tulisogea kijiji kimoja tu. Kwa siku 17 hizo sikumsikia baba akilalamika hata mara moja, kwa sababu alikuwa ameshazihesabu tangu Mei.

Sasa vijana, kalenda ile msiichukue nzima nzima. Wazee walitufundisha kwamba mvua za Aprili zikiisha, bahari ni yako. Lakini wazee hao hao walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952, na nyinyi mmemwona Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, mwezi ule ule tuliokuwa tukiondokea. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uko kwenye simu zenu. Usomeni, kisha mwende mkatazame povu pia. Na jaketi la kuokolea mtoto avae, asilikalie. Kamba ya kiunoni ilitutosha kwa sababu chombo hakikupinduka, basi.

Tulipoingia ghuba hii, Novemba, mama alikuwa ameshauza magunia mawili. Alitutazama tunavyoshuka, akatuhesabu kwa kidole, akarudi kupepeta mchele.

Kijana wa pale nyuma, umeinua mkono tangu niliposema sifa. Uliza.