Andiko la Mradi Huanzia Kijijini

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa klabu, wageni waalikwa, mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie ruzuku: namna klabu zetu za huduma, ziwe za Rotary au za Lions, zinavyoweza kuomba fedha kwenye mifuko ya hisani na kuzipata. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitaka kujifunza kuandika. Uandishi nitaugusa, ila kidogo. Maombi mengi ninayopewa kusoma hayaangushwi na lugha. Mradi umeshaamuliwa hapa mjini, kisha ndipo kinatafutwa kijiji cha kuupeleka, na msomaji mzoefu huliona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mfuko wa Rotary ulianza na wazo la Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, mwaka 1917, na mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 26.50 kutoka klabu ya Kansas City. Leo ruzuku yake ya kimataifa haipokei mradi wenye bajeti iliyo chini ya dola 30,000. Lazima klabu mbili zishirikiane, moja ya hapa kwenye mradi na nyingine ya nchi nyingine. Lazima pia mwambatanishe tathmini ya mahitaji ya jamii, iliyofanyika kabla ya mradi kubuniwa. Kwa mradi mdogo kuna ruzuku ya wilaya, maana yake wilaya ya Rotary, yaani kundi la klabu za eneo moja, si ya mkuu wa wilaya. Klabu changa ianzie hapo, ijenge jina.

Kuna jambo linalowaumiza watu wetu. Kila shule tunayotembelea inaomba madarasa, na ni kweli madarasa yanahitajika. Lakini ruzuku hiyo ya kimataifa hailipii kujenga jengo ambalo watu wataishi au kufanya kazi ndani yake. Vyoo vinakubalika, kisima kinakubalika, mafunzo ya walimu yanakubalika. Mwambieni mwalimu mkuu ukweli huo siku ya kwanza, msimwache asubiri mwaka mzima. Na msianze kazi mkidhani mtarudishiwa gharama baadaye, kwa sababu mradi ulioanza kabla ya idhini haulipiwi.

Sasa tathmini, na hapa ndipo nataka tukae.

Chukueni kijiji cha Bahi au Chamwino, hapa kwetu Dodoma. Mnakwenda kwa mtendaji wa kijiji, anaitisha mkutano, wanaume wanakaa mbele na wanasema: tunataka kisima. Mnaandika muhtasari, watu wanasaini, mnarudi mjini. Hiyo bado si tathmini. Kesho yake nendeni alfajiri pale akina mama wanapochota. Ulizeni foleni inaanza saa ngapi. Ndoo moja wanalipa shilingi ngapi? Je, maji yana chumvi? Pampu iliyokufa ilikufa lini, na nani aliitwa kuitengeneza? Mara nyingi mtakuta kisima kipo tayari, kimelala tu kwa kukosa kifaa kimoja na mtu wa kukusanya fedha za matengenezo. Hapo mradi unabadilika kabisa, na gharama nayo inabadilika. Nendeni Septemba au Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwezi Machi kila kijiji kina maji.

Tofauti inaonekana kwenye andiko. Klabu moja inaandika, "Wananchi wanakabiliwa na changamoto kubwa ya maji." Sentensi hiyo ingeweza kutoka kijiji chochote duniani. Nyingine inaandika kwamba kitongoji fulani kina kisima kimoja cha pampu ya mkono, maji yake ni ya chumvi kiasi kwamba hutumika kwa mifugo tu, na kwamba ya kunywa yanafuatwa kijiji jirani kwa baiskeli. Mimi ningekuwa na fedha ningempa huyu wa pili bila kusita, hata kama sarufi yake imepinda.

Pia someni yaliyokwisha kufanyika. Watafiti wa vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, wamefanya kazi wilayani Kongwa kwa miongo kadhaa. Lions wana programu yao ya macho, SightFirst, tangu 1990, kupitia mfuko wao ulioanzishwa 1968. Klabu inayotaka kushughulikia vikope haina sababu ya kuandika kana kwamba ugonjwa umegunduliwa jana. Ionyeshe inajua kwamba dawa peke yake haitoshi, kwamba mtoto lazima apate maji ya kunawa uso na mazingira ya kaya yawe safi, kisha iseme yenyewe itabeba kipande gani.

Kwa mradi wa maji, kabla hamjaandika bajeti, ongeeni na RUWASA, wakala wa maji vijijini uliotokana na sheria ya maji ya 2019. Pateni barua yao. Fanyeni upimaji wa maji ardhini kwanza, kwa sababu Dodoma unaweza kuchimba ukakuta pakavu, au ukakuta maji ambayo ng'ombe tu ndiye atayataka. Andikeni ni chombo gani cha watumia maji kitakachokusanya fedha na kulipa fundi miaka mitano ijayo. Mfadhili hasomi hilo kwa udadisi. Amewahi kuona pampu nyingi zilizokufa.

Kuhusu fedha nitasema kwa haraka, ila myashike maneno haya. Akaunti ya mradi iwe peke yake, na watia saini wawili. Kila manunuzi yawe na bei za wazabuni kadhaa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mwanachama akiwa na duka la mabomba, uhusiano huo utangazwe mapema, na asikae kwenye kamati inayochagua mzabuni. Rotary inataka nyaraka zitunzwe miaka mitano, na taarifa ya utekelezaji kila baada ya miezi 12. Klabu yenye taarifa iliyochelewa haipati ruzuku mpya, hata mradi wake uwe mzuri namna gani. Kwa hiyo mwekeni mtu wa taarifa tangu mwanzo, na awe mtu anayependa karatasi.

Mwenyekiti, muda uliobaki naomba uwe wa maswali. Mwenye andiko mkononi alilete hapa mbele tulisome, tuanze na ukurasa wa tathmini.