Bei Njoo Inboksi

DOTTO: Tupo hewani?

CHAUSIKU: Tupo. Na leo usigonge meza. Wiki iliyopita watu wamesema tunarekodia gereji.

DOTTO: Mikono iko mapajani. Haya, karibuni. Kulwa wangu hajambo, kwa mnaomuulizia kila wiki kuliko mnavyoniulizia mimi.

CHAUSIKU: Jamani, leo Dotto kaja na karatasi. Masomo matano ya adabu za magrupu. Kaandika kwa mkono!

DOTTO: Nimeandika kwa hasira. Jumanne nimekosa maziko.

CHAUSIKU: Ya baba wa rafiki yenu wa sekondari.

DOTTO: Ndiyo. Asubuhi taarifa inaingia kwenye grupu letu la shule: mzee katutoka, maziko saa kumi, Kinondoni. Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa kanzu, saa tisa na nusu niko makaburini. Nakuta kaburi limeshamwagiwa maji, vijana wawili wanaosha majembe kwenye ndoo. Namuuliza mmoja, "Maziko ya saa kumi ni upande gani?" Akaniangalia, akaliangalia kaburi. "Kaka, ndiyo haya."

CHAUSIKU: Lahaula.

DOTTO: Yamesogezwa, baada tu ya Adhuhuri. Na ujumbe ulitumwa, Chausiku! Saa nne kasoro, grupu lilelile. Usiku nimekwenda kuufukua. Uko chini ya pole 186. Nimezihesabu. Ujumbe umezikwa kabla ya marehemu.

CHAUSIKU: Astaghfirullah, Dotto!

DOTTO: Poleni wafiwa, pole sana, poleni nyote, mikono imekunjwa, mikono imekunjwa, stika ya mshumaa. Msiba wa Kiislamu, mshumaa! Saa tano mmoja ndiyo anaamka: "Kwani kuna nini jamani?"

CHAUSIKU: Huyo kila grupu wamegawiwa mmoja. Hapandi juu kusoma hata umlipe.

DOTTO: Mwingine kaleta ile ya mishale miwili, "tuma kwa watu kumi kabla ya Magharibi". WhatsApp wenyewe tangu 2020 wamewabana, ujumbe wa namna hiyo unausukuma sehemu moja tu kwa mara moja. Hajali, atasukuma moja moja. Halafu katikati ya msiba, nakuapia, picha ya dagaa. "Dagaa wa Kigoma, wasafi, hawana mchanga. Bei njoo inboksi."

CHAUSIKU: Walikuwa wazuri lakini.

DOTTO: Umejuaje?

CHAUSIKU: Si ulinirushia picha ya skrini uje kunilalamikia? Mimi nikaona namba.

DOTTO: Usiniambie.

CHAUSIKU: Nimekwenda inboksi. Tangu jana usiku. Nimesalimia vizuri, nimeuliza kilo shilingi ngapi. Tiki za buluu, kimya.

DOTTO: [anacheka] Kakuita mwenyewe, umefika, hafungui mlango!

CHAUSIKU: Na mlango ni wake. Hebu nieleze, bei ya dagaa ina siri gani? Kariakoo mtu karekodi sauti kwenye kipaza, "buku tano, buku tano, buku tano", mwenyewe kaenda kusali, kipaza kinaendelea kutaja bei. Huyu kapiga picha, kaandika hadi habari za mchanga, bei ndiyo aibu.

DOTTO: Anaogopa wenzake wataona, washushe.

CHAUSIKU: Wenzake si wanaweza kwenda inboksi pia? Sikiliza, anataka akuone kwanza. Unapoingia kule anafungua picha yako, anaangalia nyuma yako kuna gari au kuna ukuta. Mimi nilikuwa na ile picha ya Nungwi.

DOTTO: Ya miwani?

CHAUSIKU: Nimeitoa. Nimeweka ua.

DOTTO: Umebadilisha picha kwa ajili ya dagaa!

CHAUSIKU: Tangu nihamie Mikocheni sinunui kitu kwa bei ya watu. Wewe unakaa wapi siku hizi, kule ulikohamia?

DOTTO: Njoo inboksi.

CHAUSIKU: Kodi je?

DOTTO: Njoo inboksi na picha ya ua. Lakini turudi. Mimi simlaumu muuza dagaa sana. Somo langu la kwanza ni pole. Zipunguzwe.

CHAUSIKU: Hapo hatutaelewana.

DOTTO: Hujanisikia. Siku hizi unagusa ujumbe wenyewe wa msiba, unabandika ile mikono, basi. Watu wote wameonekana, na grupu halijasogea hata mstari mmoja.

CHAUSIKU: Yaani mfiwa unampa kidole.

DOTTO: Siyo kidole...

CHAUSIKU: Umegusa kwa nini? Kwa goti? Pole ya kidole hiyo. Mwenye kosa ni admini. Angebandika saa za maziko juu pale. Ipo, unachagua saa 24, siku 7 au 30.

DOTTO: Admini wetu yuko Muscat, akiwa kazini hashiki simu. Na tuko watu 311. Zamani mwisho ilikuwa 256, sasa wamefungua hadi 1,024. Ni matanga gani uliyaona watu 311 wanasema pole kwa pamoja?

CHAUSIKU: Nimeyaona. Kila anayeingia anashika mkono wa mfiwa. Kama ni mikono 311, anashikwa mara 311. Kuna anayesimama mlangoni akasema wengine wapunge tu kwa mbali, tunabana nafasi?

DOTTO: Lakini pale saa za maziko haziko chini ya mikono! Kuna mzee anasimama anatangaza, watu wananyamaza. Tangu 2018 admini anaweza kulifunga grupu akaongea peke yake. Afunge, atangaze, afungue.

CHAUSIKU: Afunge mdomo wa mtu anayelia.

DOTTO: Mfiwa wala hajaandika kitu mle. Wanaoandika ni wale ambao hawaji. Pole imekuwa nauli. Ukishaiandika umeshafika.

CHAUSIKU: Alipofariki bibi, mimi sikulala siku ile. Nilikaa na simu nazisoma zile pole moja moja. Hata zilizonakiliwa. Kuna mmoja kaandika "pole kwa kufiwa na babu". Nimeisoma na yake. Mpaka leo nawajua walioandika na wasioandika.

DOTTO: Sawa, lakini...

CHAUSIKU: Wewe hukuandika.

DOTTO: Nilikuja!

CHAUSIKU: Ulikuja siku ya tatu.

DOTTO: Nilikuja na mchele, Chausiku. Nimebeba kilo ishirini begani kutoka barabarani, gari haliingii kwenu.

CHAUSIKU: Nakumbuka, na tuliula. Ila usiku ule nilikuwa sili mchele, nilikuwa nasoma.

DOTTO: Haya.

CHAUSIKU: Haya.

DOTTO: Lakini mimi sibadilishi. Na Jumanne rafiki yangu kaniuliza mbona hakuniona, nikamwambia nilikuwa nyuma nyuma. Nimemdanganya mfiwa, sababu ya wingi wa pole.

CHAUSIKU: Umemdanganya sababu hukupiga simu. Na mimi sibadilishi.

DOTTO: [kimya] Hata wauza kahawa wanapita matangani na birika, wanagonga vikombe, sijawahi kuwachukia. Maana ukimuuliza kikombe bei gani, anakujibu.

CHAUSIKU: Huyo hakwambii "njoo nyuma ya turubai".

DOTTO: [wanacheka] Jamani, mwenye studio anaonyesha vidole. Dakika ngapi? Tatu. Tuko somo la kwanza!

CHAUSIKU: Ambalo halijapita.

DOTTO: La pili lilikuwa kuhusu mtu anayetuma sauti ya dakika sita halafu anaandika "sikilizeni muhimu". La tatu...

CHAUSIKU: Subiri, subiri. Kajibu.

DOTTO: Nani?

CHAUSIKU: Dagaa! Kajibu, kajibu.

DOTTO: Soma. Kilo bei gani?

CHAUSIKU: "Wa alaikum salaam dada. Karibu sana. Uko maeneo gani?"

DOTTO: Usiseme Mikocheni.

CHAUSIKU: Nimeshaanza kuandika M.

DOTTO: Malizia Mbagala.